Ukiulizwa imani yako sokoni: ujibu mbele ya watu, pembeni, au unyamaze?

Nauza nyavu, kamba na maboya pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kulia kwangu kuna mama Msabato anayeuza dagaa kwa gunia. Kushoto kuna kijana mlokole mwenye taa za sola, zile wavuvi wanazoendea dagaa usiku wa giza. Kahawa tunaletewa na mzee wa Kiislamu ambaye yupo sokoni tangu mimi sijaota ndevu. Mkatoliki kwenye safu yetu ni mimi peke yangu, na wenzangu waliligundua hilo Jumatano moja ya Majivu nilipofika kazini na paji jeusi.

"Kaka, leo umeoga gizani?" kijana akaniuliza, na safu nzima ikacheka.

Tangu siku hiyo nimeulizwa karibu kila kitu: sanamu, Maria, Papa, toharani, kwa nini tunabatiza vichanga wasiojua kulia wala kushoto, kwa nini padre anaitwa baba. Nimejibu kwa njia nyingi. Nyingine zimenipa marafiki, nyingine zimenipotezea wateja, na moja ilinilazimu niombe radhi mbele ya safu nzima. Hapa naziweka mbili mbili, ili Mkatoliki mwenzangu anayeishi katikati ya watu wa madhehebu mengine apate kuchagua. Upande ninaouegemea siufichi. Siku hizi kabla ya kutafuta jibu hutazama kwanza nani wanasikiliza. Nikishajua hilo, mengine huwa mepesi.

Mbele ya watu, au wawili pembeni?

Asiyewahi kujibu swali la dini akiwa amezungukwa na watu ishirini hajui utamu wake. Mimi naujua. Siku hiyo kijana jirani alinirushia Kutoka 20, amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga, nami wiki ile tulikuwa tumetoka kujifunza habari hiyo kwenye jumuiya. Nikampiga na Kutoka 25:18, ambapo Mungu mwenyewe anaagiza makerubi mawili ya dhahabu. Kabla hajameza mate nikamwongezea nyoka wa shaba wa Hesabu 21. Bodaboda wakazima pikipiki, wabeba mizigo wakatua magunia. Kila nilipotaja sura na mstari mtu alipiga mluzi. Nilipoona anababaika nikamalizia kwa kumwita mchungaji wake mchungaji wa kujiteua. Watu wakashangilia.

Kijana alifunga duka mapema. Wiki mbili hakunisalimia, na mvuvi mmoja wa kutoka Ukerewe, muumini wa kanisa lile lile, akahamishia manunuzi yake kwingine. Katekista wetu alipopata habari alinipa adhabu moja tu: kosa nililifanya mbele ya watu, basi na radhi niiombe mbele ya watu. Niliiomba. Siku ile hakuna aliyepiga mluzi.

Nimelifikiria jambo hili sana, na mfano nimeupata nyumbani kwetu Usukumani. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, wanaposhindana ngoma, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo mchezaji hawezi kuridhika na kucheza vizuri. Lazima afanye kitu cha kuyageuza macho ya watu. Kila mwaka tunaona hayo kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, kituo alichokianzisha Padre David Clement, na sikukuu yenyewe huenda pamoja na Sikukuu ya Ekaristi. Pale uwanjani ni raha tupu. Lakini ubishi wa dini ukichezwa namna ile, ukweli unageuka kuwa manyanga ya mchezaji: unautikisa ili watu waje kwako.

Ziwa letu limeyaona haya zamani. Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, alifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akamkuta Alexander Mackay, Mskoti wa misheni ya Waanglikana. Siku moja Mackay akiongoza sala mbele ya Kabaka na watu wake, Lourdel na wenzake hawakupiga magoti. Kabaka akauliza sababu. Lourdel akajibu kwa ukali kwamba dini ile si ya kweli, Mackay naye akajibu, na wageni wawili wanaohubiri Kristo mmoja wakabishana mbele ya baraza zima. Kabaka akabaki kuuliza: je, kila taifa la wazungu lina dini yake? Baadaye Waganda wakawaita Wakatoliki Wafransa na Waprotestanti Waingereza, na mwezi wa Januari 1892 Wafransa na Waingereza hao, Waganda kwa Waganda, wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Sisemi ubishi wa siku moja ulileta vita. Siasa na madaraka vilikuwa vingi. Ila mbele ya baraza hakuna aliyeweza kurudi nyuma hatua moja bila kuonekana ameshindwa, na hiyo ndiyo kasoro ya hadhara.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Ni upande huu huu wa ziwa.

Sasa linganisha na pembeni. Mwezi mmoja baada ya radhi yangu, kijana alikuja dukani jioni watu wakiwa wametawanyika, akakaa juu ya bunda la nyavu. Akaniambia kuna kitu kilimsumbua tangu siku ile: nyoka wa shaba nilimtaja, lakini sikusema mwisho wake. Akafungua 2 Wafalme 18:4, pale mfalme Hezekia anapomvunja nyoka yule yule kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Mbele ya watu ningeruka kwenda mstari mwingine. Pembeni nilisema kweli: hoja yake ni nzito, na ndiyo sababu Kanisa linatofautisha heshima na ibada ya kuabudu tangu Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, na Mkatoliki anayeifanya sanamu kuwa hirizi ametenda kosa lile lile alilolikomesha Hezekia. Naye akanieleza kwamba bibi yake alikuwa na kisanamu alichokipaka mafuta ili biashara iende. Kumbe tangu mwanzo alikuwa anamuuliza bibi yake, na mimi nikamjibu kwa makerubi.

Pembeni nako kuna kasoro zake. Kunakula muda, na mwenye duka muda ni pesa. Kunaweza kugeuka kumwinda mtu, hadi akikuona anabadilisha njia. Na kuna jambo ambalo pembeni hakuliwezi: uongo uliosemwa mbele ya watu wanaoweza kudhurika. Mtu akitangaza mbele ya watoto wa kipaimara au wakatekumeni kwamba Wakatoliki wanakatazwa kusoma Biblia, ukinyamaza watadhani umekubali. Hapo chagua hadhara, lakini sema mara moja, kwa ufupi, kisha ufunge. "Hapana ndugu yangu, kila Jumapili tunasoma masomo mawili, zaburi na Injili, karibu usikie." Sentensi moja yatosha. Ya pili huanza kutafuta makofi.

Maandishi ya simu, au sauti?

Hapa sina mengi. Kundi la ukoo kwenye simu ni hadhara isiyolala. Binamu yangu alituma saa tano usiku video ya mtu akimtukana Papa, nikajibu mistari kumi na miwili kwa hasira, asubuhi nikakuta shangazi zangu wawili wametoka kwenye kundi. Maandishi hayana uso wala sauti. Neno ulilolisema kwa utani linasomwa kama tusi, na kesho linapigwa picha na kutumwa kwa watu usiowajua. Kama lazima ujibu, mpigie. Kama hapokei, basi halikuwa swali.

Papo hapo, au uombe muda?

Wakatoliki wengi tunaona aibu kusema "sijui." Majirani zetu wamelelewa na Biblia mkononi, mtoto wa Kisabato wa darasa la tano anaweza kukuchapa kwa Danieli na Ufunuo ukabaki umekodoa macho. Kwa aibu hiyo tunajibu lolote linalokuja mdomoni. Wengine huitaja 1 Petro 3:15 kama amri ya kujibu pale pale: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu." Mstari wenyewe unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu." Kipande hicho cha pili sijakisikia kikipigiwa kelele na mtu yeyote.

Jibu la papo hapo linafaa kwa swali jepesi, la mtu anayepita. Dereva wa daladala aliniuliza mbona tunamwita padre baba ilhali Yesu kakataza katika Matayo 23. Nikamwambia Paulo mwenyewe anawaandikia Wakorintho kwamba ndiye aliyewazaa katika Kristo Yesu kwa njia ya Injili, 1 Wakorintho 4:15, na kwamba tukiusoma ule wa Matayo neno kwa neno, yeye dereva na watoto wake nao watapata shida nyumbani. Akacheka, nikashuka Nyamanoro, mambo yakaisha.

Kwa swali zito, omba muda. Taja siku, kisha urudi siku hiyo hiyo. "Mama, hilo sina jibu lake zuri leo, nipe hadi Alhamisi." Mwenye swali la kweli hufurahi, kwa sababu ameona umelibeba swali lake hadi nyumbani. Mwenye kutaka ubishi atasema umeshindwa. Mwache aseme. Muda pia unakuokoa wewe na hasira. Mimi damu yangu inachemka upesi, mikono hutetemeka kabla sauti haijapanda, na nimejifunza kuitazama mikono. Ikianza, naagiza kahawa. Ile ya mzee wetu ni ya moto mno, huwezi kuinywa na kubishana kwa pamoja.

Kuna na njia ya tatu, ambayo ni kuuliza kabla ya kujibu. Katekismu namba 2478, ikichukua ushauri wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, inataka mtu awe mwepesi wa kulipokea neno la mwenzake kwa maana nzuri kuliko kulilaani. Asipoweza, amuulize analielewaje. Akiona amekosea, amrekebishe kwa upendo. Ushauri huo ulikusudiwa kwanza anayetoa na anayepokea Mazoezi ya Kiroho, na mimi huutumia sokoni kwa sentensi moja: "Umesikia nini kuhusu hilo?" Mara tatu kati ya nne, alichosikia hata mimi nakikataa.

Mistari, au kueleza maana ya maneno?

Wengi hudhani mtu anayejua mistari mingi ndiye anayefaa kujibu. Mistari ina kazi yake. Anayeiamini Biblia usimwendee kwa misemo ya mapadre. Lakini nimegundua kwamba nusu ya ugomvi wetu hapa Mwanza umejificha kwenye Kiswahili chenyewe, na hapo mistari hamsini haisaidii.

Chukua neno "ibada." Mkatoliki husema bila wasiwasi "ibada kwa Bikira Maria," akimaanisha Rozari, maandamano ya Mei na nyimbo. Mlutheri na mlokole wanatumia neno hilo hilo kwa jambo wanalomfanyia Mungu peke yake Jumapili asubuhi. Ukimwambia una ibada kwa Maria, umeshakiri kosa kabla hajakushtaki! Na "kuomba" nako ni hivyo. Kwa Kiswahili naomba chumvi, naomba mkopo, namwomba Mungu. "Tunamwomba Maria" ikifika sikioni mwa jirani imekuwa sala kwa mungu mwingine. Mimi nimeacha kusema hivyo sokoni. Nasema "tunamwomba atuombee," kisha nasoma Salamu Maria yenyewe polepole, maana jibu limo ndani: salamu ya malaika ya Luka 1:28, maneno ya Elizabeti ya Luka 1:42, halafu "utuombee sisi wakosefu." Ni neno lile lile analomwambia mchungaji wake anapotaka kusafiri.

Toharani ni balaa jingine. Vijana wakilisikia wanaangua kicheko, maana kwao tohara ni ile ya jandoni. Asili ya neno ni usafi, kutakaswa. Ukianza na hapo, kwamba hakuna kilicho najisi kinachoingia kwa Mungu, mlokole anaitikia amina kabla hamjafika kwenye ugomvi. Ugomvi mtaufikia, usijidanganye. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, kinachosimulia sadaka iliyotolewa kwa ajili ya wafu, kimo kwenye Biblia yetu ya vitabu 73 wala hakimo kwenye yake ya 66. Hapo ukimtajia sura ya 12 ni kama kumlipa kwa noti asiyoitambua.

Na usikwepeshe neno pale ambapo neno ni lile lile. Ekaristi tunaiabudu. Usiseme "tunaiheshimu tu" ili kumridhisha jirani. Tunaamini ni Kristo, ndiyo maana tunapiga magoti, na kama asingekuwa yeye tungekuwa waabudu sanamu kweli. Nilipomwambia hivyo kijana wa sola alinyamaza kidogo, akasema angalau hilo amelielewa. Upole unaopunguza imani ili kuepuka kelele ni woga, na jirani hunusa.

Mfano wa picha ya marehemu mama ukutani, ule tunaoutumia wote kuhusu sanamu, tuupumzishe. Mlokole ameshausikia mara mia, na anajua hupigi magoti mbele ya picha ya mama yako. Wala mgeni usimpeleke kanisani kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa Kuu, tunapopanga foleni kuubusu msalaba. Mpeleke Jumapili ya kawaida.

Anayeuliza ni nani?

Jibu moja haliwatoshi wote. Mlutheri wa KKKT usianze naye kwa kubishana juu ya imani na matendo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikubaliana kwamba tunaokolewa kwa neema. Wakatoliki wengi hawajui, na Walutheri wengi pia. Mtu wa AIC, yaani Africa Inland Church, ana historia ndefu kwenye pwani hii ya ziwa. Wamisionari wa AIM, misheni iliyolizaa kanisa hilo, walikipokea kituo cha Nassa mwaka 1909, sisi misheni ya Bukumbi ikiwa imefunguliwa mwaka 1883. Kumwita wa kuja ni ujinga. Na yeyote aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Kanisa halimbatizi tena akija kwetu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya Novemba 1964 juu ya umoja wa Wakristo, unasema waliozaliwa kwenye jumuiya hizo hawawezi kushtakiwa dhambi ya utengano, na unawaita ndugu. Basi mwite ndugu, na umaanishe.

Kwa mzee wetu wa kahawa njia ni nyingine kabisa. Mwislamu hafungwi na Biblia yangu, nami Kurani siijui. Nimeona Wakristo wakikariri aya tatu za Kurani ili kushindana, na nimeona Waislamu wakikariri mistari mitatu ya Yohana kwa nia ile ile. Pande zote huonekana kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Mimi na mzee tulianzia kwa Maryamu, kwa kuwa Kurani ina sura nzima, ya 19, yenye jina lake, na hati ya Vatikano ya Oktoba 1965 kuhusu dini nyingine inataja heshima hiyo. Tulipofika kwenye swali la Yesu ni nani aliniambia, "Mwanangu, hapo tunaachana." Tukaachana, kahawa ikaendelea.

Na akija mtu na makosa yetu ya kweli, padre aliyemuumiza mtu, fedha zilizopotea, kiburi cha zamani, usimtafutie hesabu ya makosa ya kanisa lake. Machi 12, 2000, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha mbele ya ulimwengu kwa makosa ya watoto wa Kanisa. Kama Papa aliweza, muuza nyavu ni nani?

Kujibu, au kushika kazi?

Msibani usijibu. Familia zetu nyingi zimechanganyika, na ubishi wa kuwaombea wafu huwa unalipuka penye jeneza, mahali pabaya kuliko pote. Ndugu wa marehemu mmoja anataka Misa, mwingine anasema sala haimfikii tena. Wewe chota maji, panga viti, tafuta gari la kwenda makaburini. Ukienda Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, ile meli iliyozama Mei 21, 1996, utaona watu walivyolala pamoja bila kuulizwa dhehebu. Kila mmoja asali anavyojua. Maelezo ya toharani yatasubiri.

Yule Lourdel niliyemtaja, aliyemkatalia Mackay sala mbele ya Kabaka, kuna kisa chake kingine kisichosimuliwa sana. Oktoba 1888 wamisionari wote walifukuzwa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, wakapandishwa mashua moja, Eleanor, mali ya misheni ya Waanglikana. Njiani kiboko akaitoboa. Wakajiokoa, wakaitengeneza, ndipo wakashuka hadi upande wetu wa kusini. Mackay hakuwemo, alikuwa ameshatangulia huku. Lakini nikiwa nashona wavu huwa nawawaza wale waliokuwemo, wakiziba tundu moja kwa mikono ya madhehebu mawili, na maji ya ziwa hayakumuuliza mtu anaamini nini.

Kwa mama wa dagaa mimi nilichagua kazi, bila kujua nachagua nini. Mwanzoni, nikiona hafungui Jumamosi, nilijitolea kumuuzia. Nilidhani namfanyia wema.

"Kaka, ukiniuzia wewe, mimi nitakuwa nimepumzika nini?" akasema. "Amri inamtaja hata mgeni aliyemo malangoni mwako."

Basi nikabaki kumwangalizia magunia tu. Upepo wa ziwani ukifunua turubai lake, namfunikia. Yeye naye Jumapili, mimi nikiwa Misani na baadaye nimelala, alikuwa ananiuzia nyavu. Jioni napokea hesabu yangu, namshukuru, basi.

Ikafika siku akaniuliza habari ya Sabato, pembeni, kwa upole, nami nikaomba muda hadi Alhamisi kama ninavyowashauri wengine. Nilijiandaa vizuri. Nikamweleza Matendo 20:7, wanafunzi wanakusanyika siku ya kwanza ya juma kuumega mkate. Nikamweleza Ufunuo 1:10, siku ya Bwana. Nikamweleza Mtakatifu Yustino, karne ya pili, anayesimulia Wakristo wakikutana siku iitwayo ya jua kwa sababu ndiyo Kristo aliyofufuka. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akafikiri, akauliza:

"Sawa, nimekuelewa. Sasa hiyo siku ya Bwana wenu, mbona mimi nauza nyavu zako?"

Hakuwa anabishana. Alitaka kujua. Nami sikuwa na mstari. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, inatutaka Jumapili tushiriki Misa na pia tujiepushe na kazi na biashara zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na mapumziko. Nilikuwa nimeishika nusu, nusu nyingine nimempa Msabato anifanyie.

Sasa Jumapili duka langu lina kufuli. Jumamosi moja hapo katikati mvua ilitoka ziwani ghafla mnamo saa nane mchana, turubai lake likapaa, nikalivuta nikalifunga kwa kamba mpya kutoka kwenye bunda langu, mafundo mawili kila kona. Jumatatu akaniuliza kamba zile ni bei gani. Nikamwambia alipe kwa dagaa. Akanipimia kopo moja, akaongeza na mkono.